Wanafunzi wa Uhandisi na Mapipa ya Taka

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea kusoma habari hii, tunakuomba ufanye kazi moja ndogo. Chukua dumu la mafuta ya kula, au ndoo ya plastiki, au chupa ya maji iliyokwisha. Igeuze juu chini. Tazama kitako chake. Unaona nini?

Vyombo vingi vya plastiki vina alama ya pembetatu mahali hapo. Katika vyombo vingine pembetatu hiyo imechorwa kwa mishale mitatu inayofukuzana. Katikati yake kuna namba. Chupa ya maji ya kunywa kwa kawaida ina namba 1. Dumu mara nyingi lina namba 2. Ndoo yako huenda ina 2, huenda ina 5.

Wengi wetu tumeishi na alama hii nyumbani kwa miaka mingi bila kuisoma. Tunasoma jina la mafuta, tunasoma ni lita ngapi, basi. Kumbe kule chini nako kuna maandishi.

Namba hiyo inataja aina ya plastiki. Zipo namba 1 mpaka 7. Ziliwekwa mwaka 1988 na chama cha watengenezaji wa plastiki wa Marekani, kwa sababu kila aina ina tabia yake. Plastiki ya dumu, yaani namba 2, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi. Plastiki ya chupa ya maji, namba 1, haiyeyuki mpaka joto lifike nyuzi 250 hivi. Kwa hiyo huwezi kuzitia zote katika chungu kimoja ukapata kitu cha maana. Wakati hii inaanza kulainika, ile nyingine imekwisha kuharibika. Ndiyo maana lazima zitengwe kwanza.

Mishale yenyewe ina umri mkubwa kuliko namba. Ilichorwa mwaka 1970 na mwanafunzi wa chuo kikuu huko California, Marekani. Jina lake Gary Anderson, naye alikuwa na umri wa miaka 23. Kampuni moja ya kutengeneza maboksi ilitangaza mashindano ya kuchora alama, akashinda yeye. Maana ya mishale ni hii: kitu kinatumika, kinarudi kiwandani kuyeyushwa au kusagwa, kinatengenezwa upya, kinatumika tena. Siku hizi kazi hii inaitwa kurejeleza taka.

Lakini mishale haitembei. Dumu lenye mishale likitupwa shimoni litakaa shimoni. Ili lirudi kiwandani, lazima mtu aliokote, alitenge, alisafishe, alipakie. Kwa hesabu za serikali ya Marekani, mwaka 2018 katika kila kilo 100 za plastiki zilizoingia kwenye taka za nchi ile, kilo zilizorejelezwa hazikufika hata 9. Tena nchi yenyewe ndiyo iliyochora alama! Zaidi ya kilo 90 zilizobaki zilifukiwa au zilichomwa.

Sasa, katika vyuo vikuu vya nchi hiyo kuna wanafunzi wa uhandisi ambao sehemu ya masomo yao ni kushughulikia mapipa ya taka ya chuo chao wenyewe. Mtauliza: uhandisi na taka wapi na wapi? Mhandisi si mtu wa madaraja na mitambo? Sisi hapa gazetini tuliuliza vilevile. Hebu tuwaeleze tulivyoelewa.

CHUO NI KAMA MJI

Chuo kikuu cha Marekani si majengo mawili matatu na kengele. Tuchukue Chuo Kikuu cha Purdue, katika mji wa West Lafayette, jimbo la Indiana. Kina wanafunzi zaidi ya 50,000. Kuna mabweni, mabwalo ya chakula, maktaba, maabara, viwanja vya michezo. Watu wote hao wanakunywa soda, wanaandika, wanakula, wanafungua vifurushi. Kila siku mapipa yanajaa.

Taka hizo si kitu kimoja. Zipo karatasi. Yapo maboksi. Yapo makopo ya soda ya alumini, zipo chupa za plastiki na za kioo. Yapo mabaki ya chakula. Vingi kati ya vitu hivyo vina thamani. Alumini ndiyo mfano mzuri kupita vyote. Kutengeneza alumini kutoka kwenye mawe ya ardhini kunakula umeme mwingi mno. Kuyeyusha kopo kuukuu kunatumia sehemu 5 tu katika kila 100 za nguvu hizo. Na kopo likiyeyushwa linakuwa kopo tena, mara nyingi upendavyo. Karatasi haina bahati hiyo. Nyuzi zake hukatika na kufupika kila inapopondwa, ikisharejelezwa mara 5 mpaka 7 inakuwa haifai tena.

Sisi vijijini jambo la kukitumia kitu mara ya pili si geni. Kopo limekuwa koroboi. Tairi limekuwa katambuga. Dumu la mafuta limekuwa la maji, kisha likipasuka linakatwa linakuwa chombo cha kunyweshea kuku. Tofauti ni kwamba hapa kila mtu anakijua kitu chake. Kule taka za watu 50,000 zinaingia katika pipa moja, na aliyetupa hamjui atakayechambua.

Wanafunzi ndio walioanza mapema kushughulika na jambo hili vyuoni. Kwa mfano, katika Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, wanafunzi walianzisha mpango wa kurejeleza taka mwaka 1976. Enzi hizo ilikuwa kazi ya kujitolea tu. Kijana anayependa mazingira anakusanya magazeti kuukuu, anapakia garini, anapeleka. Nia njema ilikuwepo, lakini hesabu ilikuwa chache.

KIKOMBE KIMOJA CHA SODA

Adui mkubwa wa kazi hii ni uchafu kuingia katika kilicho safi. Tufikirie pipa la karatasi. Mtu anapita, ana kikombe cha soda chenye soda kidogo na barafu. Anaona pipa, anatupa. Soda inamwagikia karatasi, zinalowa, zinanata. Kikombe kimoja kimeharibu kazi ya watu wote waliotupa karatasi asubuhi ile.

Au boksi la mkate bapa wa Kitaliani unaoitwa pitsa. Boksi ni karatasi, siyo? Lakini limenyonya mafuta. Kiwandani karatasi hupondwa katika maji ikawa kama uji. Mafuta hayachanganyiki na maji. Yanabaki yakielea na kushika nyuzi, na karatasi itakayotoka itakuwa na madoa na matundu. Mifuko laini ya plastiki nayo hujizungusha kwenye magurudumu ya mashine za kuchambulia, mpaka mashine isimamishwe na mtu aingie na kisu kuikata. Ni mifuko ya jamii ileile iliyopigwa marufuku hapa Tanzania tangu tarehe 1 Juni, 2019.

Kwa miaka mingi Wamarekani hawakuumiza kichwa sana juu ya uchafu huo. Walipakia karatasi na plastiki melini, wakaiuzia China. Wachina walichambua huko huko. Lakini mwaka 2017 China ilitangaza kwamba imechoka kupokea takataka za wengine, na tangu Januari 2018 ilikataa aina 24 za taka kutoka nje. Kwa zile ilizoendelea kupokea, iliweka sharti kali: uchafu usizidi nusu katika kila sehemu 100. Yaani katika mzigo wa kilo 200, kitu kisichotakiwa kisizidi kilo 1. Pima mwenyewe. Gunia mbili za mahindi, na mchanga usizidi kilo 1 ndani yake. Nani angepita?

Miji na vyuo vilijikuta na marobota yasiyo na mnunuzi. Kitu kilichokuwa kinauzwa kikawa kinalipiwa ili kichukuliwe. Hapo watu wakaanza kuuliza swali ambalo ni la kihandisi kabisa: uchafu unaingilia wapi?

MASOMO NA KAZI

Kabla ya kuwaonyesha wanafunzi kazini, tueleze kwanza masomo ya namna hii yalivyoanza.

Mwaka 1995, pale Purdue, walimu wawili wa uhandisi wa umeme, Leah Jamieson na Edward Coyle, walianzisha mpango unaoitwa EPICS. Waliona tatizo mahali pawili. Wanafunzi wao walikuwa hodari wa hesabu lakini hawajawahi kumtengenezea mtu halisi kitu halisi. Na nje ya darasa, shule, vyama vya kusaidia watu na idara mbalimbali vilikuwa na shida ambazo fundi angeweza kuzitatua, ila havikuwa na fedha za kumlipa. Wakaziunganisha shida hizo mbili. Wanafunzi wanapewa mwenyeji, yaani chama au idara yenye tatizo. Wanakwenda kumsikiliza. Wanatengeneza kitu, wanakijaribu, wanakirekebisha. Kazi hiyo inapewa alama kama somo lingine lolote. Mwaka 2005 walimu hao wawili, pamoja na mwenzao William Oakes, walipewa tuzo na Taasisi ya Taifa ya Uhandisi ya Marekani kwa mpango huo. Vyuo vingine vingi vimeiga.

Wamarekani wanaita njia hii kujifunza kwa kuhudumia jamii. Wazee wetu wanaosoma gazeti hili watatabasamu. Watakumbuka Mwalimu Nyerere na Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Shule ziwe na shamba, mwanafunzi ashike jembe na kitabu. Wazo ni ndugu. Lakini tuseme kweli. Katika shule zetu nyingi shamba lilikuwa huku na somo huko. Mtoto alilima asubuhi, mchana akasoma habari za mbolea ubaoni, na hakuna aliyemwambia kuwa ni jambo lilelile. Mpango tunaoueleza unajaribu kuziba ufa huo: ukikosea kipimo darasani, mfuniko hautaingia kwenye pipa, na mwenye pipa atakuja kukuuliza.

Chuo chenyewe nacho kinaweza kuwa mwenyeji. Idara ya usafi ya chuo ina mapipa, ina magari, ina wafagiaji, na ina tatizo. Wanafunzi hawana haja ya kusafiri mbali. Tatizo liko nje ya mlango wa darasa.

WANAMWAGA, WANAPIMA

Kazi karibu zote za namna hii huanza kwa jambo moja ambalo wasomi wengi hawalipendi. Wanachukua taka za jengo moja za siku moja. Wanatandika turubai. Wanavaa mipira ya mikono na buti. Wanamwaga.

Kisha wanachambua kwa mikono, kila aina katika ndoo yake: karatasi safi, karatasi iliyolowa, boksi, kopo, chupa, chakula, na vile visivyofaa kitu. Kila ndoo inapandishwa kwenye mizani. Mmoja anasoma, mwingine anaandika. Wanarudia siku nyingine, kwa maana taka za Jumatatu si taka za Ijumaa.

Tuseme wamepima kilo 40 kutoka katika mapipa ya taka za kutupwa tu, yale yanayokwenda kufukiwa. Wamepata hivi: karatasi safi kilo 9, maboksi kilo 6, chupa za plastiki kilo 3 na nusu, makopo ya alumini kilo 1 na nusu, mabaki ya chakula kilo 12, na vitu visivyofaa kilo 8. Hebu jumlisha vinne vya kwanza. 9 na 6 ni 15. Ongeza 3 na nusu, ongeza 1 na nusu. Jumla kilo 20. Kwa hiyo nusu nzima ya mzigo unaolipiwa gari kwenda kufukiwa ingeweza kurejelezwa. Na katika zile 20 zilizobaki, 12 ni chakula kinachoweza kuwa mboji. Kitu cha kutupwa kweli ni kilo 8 tu.

Hii ni mifano yetu ya kuelezea, si hesabu ya chuo fulani. Lakini njia ndiyo hiyo. Kabla ya kupima, kila mtu ana maoni. Mmoja anasema wanafunzi ni wavivu. Mwingine anasema mapipa ni machache. Wa tatu anasema wafagiaji wanachanganya. Mizani haina maoni. Ikionyesha kwamba karatasi safi inatupwa zaidi ghorofa ya pili kuliko ya kwanza, swali linakuwa dogo: ghorofa ya pili kuna nini? Wanapanda kuangalia. Pengine wanakuta pipa la karatasi liko mwisho wa ukumbi, na mashine ya kutoa nakala iko mwanzo wa ukumbi.

Umbali ni jambo kubwa kuliko tunavyofikiri. Mwaka 1998 watafiti fulani wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika majengo ya chuo. Waliyaondoa mapipa ya makopo ukumbini, wakayaweka ndani ya madarasa, mahali ambapo watu walikuwa wanamalizia soda zao. Makopo yaliyookolewa yaliongezeka. Hakuna aliyehubiriwa, hakuna aliyetozwa faini. Pipa tu limesogea.

HABARI YA TUNDU

Sasa tufike kwenye jambo lililotufurahisha kuliko mengine. Ni habari ya tundu.

Pipa la wazi linapokea kila kitu. Mtu anatembea huku anaongea na mwenzake, mkono unatupa, macho hayako. Lakini weka mfuniko wenye tundu la mviringo, upana wake unatosha kopo au chupa tu. Weka pipa la pili lenye upenyo mrefu mwembamba, unaopitisha karatasi. Sasa mwenye boksi la pitsa akija, boksi halipiti. Mwenye kikombe kikubwa, hakipiti. Lazima asimame kidogo. Na akisimama, anatazama. Akitazama, anasoma.

Mwaka 2009 watafiti wawili, Sean Duffy na Michelle Verges, walichapisha walichokiona walipojaribu mifuniko ya namna hiyo. Vyombo vya vinywaji vilivyotupwa mahali pake viliongezeka kwa asilimia 34. Uchafu ulioingia pasipo mahali pake ulipungua kwa asilimia 95. Maana yake, mahali palipokuwa na vitu 100 visivyotakiwa, vilibaki 5. Kwa tundu tu!

Hao hawakuwa wahandisi. Ni wataalamu wa tabia za watu. Lakini mwanafunzi wa uhandisi anayesoma matokeo hayo anapata kazi ya mikono. Tundu liwe na upana gani? Likiwa dogo mno, chupa kubwa itaachwa sakafuni. Likiwa kubwa mno, kikombe kitapita. Mfuniko uwe wa bati au wa plastiki? Uwe mzito kiasi gani, ili upepo usiupeperushe wala mtu asishindwe kuunyanyua? Rangi ipi? Na mapipa yote chuoni yawe na rangi moja kwa kitu kimoja, maana ikiwa buluu ni karatasi katika jengo hili na ni chupa katika jengo lile, umemchanganya mtu zaidi ya kutoweka rangi kabisa.

Maandishi nayo yana kazi yake. Ninyi mnajua kuliko wengi kwamba neno likiandikwa dogo na mahali pa giza ni sawa na halikuandikwa. Vyuo vina wageni wa lugha nyingi. Kwa hiyo wengine huacha maneno wakaning'iniza picha, au hubandika vitu vyenyewe juu ya pipa: kopo, chupa, kikombe.

UZITO UNADANGANYA

Kuna mashindano ya vyuo vya Marekani juu ya kurejeleza taka. Yalianza mwaka 2001 kati ya vyuo vikuu viwili vya jimbo la Ohio, Chuo Kikuu cha Ohio na Chuo Kikuu cha Miami, ambacho licha ya jina lake hakiko katika mji wa Miami. Baadaye mamia ya vyuo yaliingia. Kwa majuma kadhaa kila chuo kinapima na kutangaza.

Mashindano yanaamsha watu, hilo tunalikubali. Lakini uzito una hila zake. Kopo la alumini lina gramu 14 hivi, kwa hiyo kilo moja ni makopo kama 70. Chupa za soda za kioo, kilo moja ni kama 3 tu. Chuo kinachokusanya chupa za kioo kitaonekana kimefanya kazi kubwa kuliko kile kilichookota makopo, ingawa alumini ndiyo yenye faida kubwa. Tena chuo kinachonunua vitu vingi na kutupa vingi kitakuwa na kilo nyingi za kurejeleza kuliko chuo kinachotumia kidogo. Ni kama kumpa zawadi mwenye madumu matupu mengi. Waandaaji walilitambua jambo hilo, wakaweka pia shindano la kupima nani ametupa kidogo kuliko wote kwa kila mtu. Kwa maoni yetu hilo ndilo lenye maana.

Uzito unamdanganya mhandisi kwa njia nyingine. Chupa tupu ni nyepesi, lakini inakula nafasi. Gari linajaa hewa. Dereva anazunguka chuo kizima akibeba chupa zilizovimba, mafuta yanaungua, na mzigo ni kilo chache. Hapo ndipo hesabu za wanafunzi zinapotakiwa: pipa lipi linajaa kwa siku ngapi, gari lipite wapi kwanza, na je, mashine ya kubana chupa ikinunuliwa, itarudisha gharama yake baada ya muda gani.

ANAYEBEBA NI NANI?

Tumeacha mtu mmoja nyuma. Ni mfagiaji.

Wanafunzi wakiongeza mapipa mawili katika kila ukumbi, ramani yao ni nzuri. Lakini nani anayamwaga? Mfagiaji alikuwa na pipa moja na mfuko mmoja. Sasa ana matatu, na mifuko mitatu, na saa zake za kazi ni zilezile. Asipoulizwa, usiku atafanya lile linalowezekana: ataitia mifuko yote katika gari moja. Mtafiti atakuja asubuhi kupima na kushangaa kwa nini vitu vilivyotengwa vimechanganyika tena. Mfuniko mzuri wenye tundu la mviringo ukiwa umefungwa kwa skrubu nne, anayeufungua kila jioni ni yeye. Atauacha wazi. Si mbishi. Amechoka.

Mfagiaji huyohuyo anajua mambo ambayo turubai na mizani havionyeshi. Anajua kwamba siku za mitihani vikombe vya kahawa huongezeka. Anajua mlango ambao wanafunzi wanapita kweli, siyo ule ulio katika ramani. Anajua pipa ambalo watu wa jengo jirani huja kutupia taka zao. Kikundi cha wanafunzi kinachoanza kwa kukaa naye nusu saa kinaokoa kazi ya mwezi.

Shida ya mwisho ni kwamba wanafunzi huondoka. Muhula wa masomo ni miezi minne hivi. Kijana anatengeneza pipa, anapata alama, anakwenda zake. Miezi sita baadaye bawaba imevunjika na hakuna anayejua ilinunuliwa wapi. Kazi nyingi za namna hii zimekufa hivyo, na walioachiwa vyombo vibovu wamebaki na mzigo zaidi ya waliokuwa nao mwanzo. Ahadi ya msomi isiyotimizwa tunaifahamu hata sisi. Vijiji vingi vina pampu iliyofungwa kwa sherehe ikafa kimya.

Waanzilishi wa mpango wa Purdue walilifikiria hilo. Kikundi hakivunjwi mwisho wa muhula. Kinaendelea miaka. Ndani yake wamo wa mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, wakubwa wanawafundisha wadogo, na mwanafunzi anaweza kubaki katika kikundi mihula kadhaa. Wakubwa wakimaliza, wadogo wanakuwa wakubwa. Mwenyeji anaendelea kuwa na watu wa kuwaita.

Tena kila mwanafunzi ana daftari la kazi, na kikundi huandika maelezo ya kuwaachia wanaokuja. Kwa kazi ya mapipa, mambo ya kuandika ni kama haya: pipa lipi hujaa kwanza na siku gani, tundu lina upana gani, na kwa nini lilipunguzwa, bawaba ni ya aina gani, mfagiaji wa ghorofa ya pili alisema nini juu ya skrubu. Masomo yanapofunguliwa mwezi wa Agosti, kijana mpya anayejiunga na kikundi huanzia kwenye maandishi hayo. Turubai na mipira ya mikono vinafuata.